Kahaso na Picha Isiyotaka Maneno

Kwa Kahaso, pale Sabaki, mtu hanunui makuti akaenda zake. Hupewa kigoda, akaulizwa mkewe hajambo, akaambiwa shati lake limefuliwa na mtu mwenye hasira, na muda wote huo mikono ya Kahaso inapinda na kushona bila yeye kuitazama. Wengine huja hata kama paa zao hazivuji.

Mwaka huu maneno yalianza kumkatikia njiani. Akila tu, hasa kitu cha mafuta, maumivu yalimshika chini ya kifua yakatokea mgongoni, akajikunja kama ndoana. Alikonda hata leso ikawa inamvaa yeye. Aliyemburuta hadi hospitali huko Malindi ni wifi yake Mbeyu, dada wa mumewe Tsuma. Yeye na Kahaso hawajawahi kusemezana kwa adabu tangu siku ya harusi.

Daktari Mueni aliwaeleza taratibu. Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Hutoa maji ya kusaga chakula, na maji hayo hupita katika mfereji mwembamba. Mfereji wa Kahaso umeota mawe.

"Mawe?" Mbeyu akashtuka. "Wifi, mchele wako huwa huuchagui?"

"Mimi nala unaopika wewe."

Daktari alicheka, kisha akarudi kwenye uzito wa jambo. Mashine ya sumaku ingepiga picha ya mfereji. Mawe yakiwa yamekaa karibu na mdomo wake, yatavunjwa kwa mawimbi ya sauti kutoka nje ya mwili, bila kisu. Yakiwa yametawanyika mpaka ndani, atapasuliwa. "Na picha isipotoka vizuri, mama, siwezi kubahatisha. Nitakupeleka kwa wapasuaji."

Kahaso hakusikia lingine baada ya hapo. Dada yake, Kache, aliwahi kuingia chumba cha upasuaji akiwapungia mkono, na hakutoka hai.

Mpiga picha alikuwa kijana wa bara, Phineas, mpole kupita kiasi. Alimvua pini na hereni, akamlaza. "Nikisema zuia pumzi, zuia. Usitikisike, usiongee."

"Nimekuelewa mwanangu. Nihesabu kuwa gogo."

Mashine ikaanza kugonga.

"Zuia pumzi."

"Nimezuia," akajibu Kahaso.

"Mama, usinijibu."

"Haya, sikujibu tena."

Wakaenda hivyo mpaka Phineas akakata tamaa. Pichani mfereji ulionekana kama moshi wa jikoni. Alimwomba akapumzike nje, wengine waingie, kisha wajaribu kwa mara ya mwisho.

Kwenye benchi, Kahaso alimshika Mbeyu mkono. "Watanipasua, wifi."

Mbeyu alitaka kumbembeleza. Lakini anamjua. Ukimbembeleza Kahaso, atalia, na akilia atasimulia.

"Zuia pumzi," akamwambia.

"Ya nini?"

"Zuia, nikutukane. Ukinijibu, umepasuliwa."

Kahaso akavuta pumzi, akafunga mdomo.

"Makuti yako, mbuzi wa jirani Masha walikataa hata kuyalalia."

"Mbuzi wa Masha wanajua nini wale..."

"Umepasuliwa. Tena! Ulivyocheza siku ya harusi, mama alidhani umekanyaga siafu."

Kahaso akapasuka kwa kicheko.

"Kicheko nacho ni kisu. Tena! Kaka yangu alikuoa kwa sababu alikuwa na homa."

Mashavu yakajaa, machozi yakamlengalenga, lakini mdomo haukufunguka. Benchi zima likawa limegeuka kutazama.

"Mwambie na la pua yake," akapendekeza mzee mmoja aliyengojea eksirei.

Kahaso alimkata mzee wa watu kwa jicho, pumzi bado iko ndani. Mbeyu akajua mwanafunzi amefuzu.

Aliporudi ndani, hapakuwa na wa kumtukana. Palikuwa na mashine tu na kule kugonga kwake, na mkono wa Kache ukipunga. Alitamani amwite Phineas, asikie tu sauti ya mtu.

"Zuia pumzi."

Akazuia. Akaanza kujitukana mwenyewe, kimoyomoyo: makuti, siafu, homa. Alipoyamaliza ya Mbeyu akatunga yake, tena makali zaidi, maana anajijua.

"Pumua, mama. Mama Kahaso, pumua! Tumemaliza."

"Sasa naruhusiwa kusema?"

Daktari Mueni aliwaonyesha picha. Mfereji ulikuwa mweupe kama mto unaotazamwa kutoka juu, na karibu na mdomo wake vidoa vyeusi vimesongamana. Kule ndani kulikuwa kweupe. "Yote yako mlangoni," akasema. "Kisu hatukihitaji."

Kazi ilifanywa Mombasa. Eksirei ndiyo iliyoyaelekeza mawimbi yale yapige mawe yenyewe, na chembechembe zilizobaki zikatolewa kwa mpira uliopitishwa kinywani, Kahaso akiwa amelala fofofo.

Aliporudi nyumbani, Mbeyu alimpikia wali na samaki wa kuchemsha, bila tui, kama walivyoagizwa. Kahaso akala matonge machache, akatua, akatazama mbele. Mbeyu alikuwa na tonge mkononi. Likabaki hapo hapo hewani.

"Mbona kimya, wifi?"

"Nalisikiliza tumbo."

"Lasemaje?"

"Lauliza kama chumvi imepanda bei."