Mama Mwenye Kufunga Taya

Ilianza siku ya tatu kisha kungolewa jino, saa kumi na moja ya mangaribi, hapa kwetu Nyabiondo. Sikuwa nalala, sikuwa na homa. Naandika kwa sababu nikiisema kwa mudomo nasikia haya.

Juma ile walikuwa wameningoa jino ya akili, ile ya nyuma kabisa. Muganga wa kituo cha afya aliniambia: "Usinyonye kitu. Damu yenye kuganda mu kidonda njo bandeji yake." Nikaitika. Lakini siku ya mahari ya dada yangu, wakwe walileta mutobe, ile maji tamu ya ndizi, mu kibuyu moja. Kwetu wasichana wa nyumba wanainama wote wananyonya pamoja na milija. Ukikataa, wakwe wanasema unawachukia. Mimi mwenye kusikia haya hata wakiita jina langu mu masomo, ningesema nini mbele ya watu wote? Nikanyonya.

Kesho yake maumivu ikakuja. Ilipanda mu sikio, mudomo ikanuka. Sikumwambia Mama ile ya mulija, akafikiri muganga njo aliharibu. "Haturudi tena kule," alisema. "Papa akifika atatia maji ya batri ya pikipiki mu ile tundu, itaua mizizi." Jirani njo alimufundisha, chupa ilikuwa tayari. Niamini, niliogopa, lakini nilinyamaza.

Akanituma kuchuma sombe, majani ya mihogo. Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Kando ya mihogo kulikuwa mama mumoja, amefunga kitambaa toka kidevu mpaka juu ya kichwa, shavu moja imevimba.

"Jambo, Mama."

"Jambo, binti. Ulinyonya na mulija."

Nani alimwambia?

"Mimi nilinyamaza," akasema, bila kufungua meno. "Walinitilia vitu mu jino, nikanyamaza tu. Weye useme."

Nikainamisha macho, njo nikaona miguu yake. Na matope yote ile, ilikuwa mikavu. Kuinua macho, ni mihogo tu.

Nilirudi mbio, nikaeleza Mama. Akacheka. "Maumivu inakuonyesha sinema, mutoto wangu. Alijifunga na nini?"

"Kitambaa ya manjano, yenye kuku wadogo."

Mama akaacha sufuria, akakaa chini. "Ile njo tulimuzika nayo dada ya koko yako, mama yangu. Jino njo ilimuua. Hatukuwaambiaga watoto." Kisha, pole pole: "Na ile ya mulija, iko kweli?"

"Iko kweli, Mama."

Papa alipofika, Mama alimweleza yote, naye akarudisha ile chupa kwa jirani bila kuuliza kitu.

Kidonda ilipona, lakini mpaka leo siweki mulija mu mudomo, hata ya juisi. Na pale kwa mihogo nasalimiaka kila mara, hata kama hakuna muntu. Weye mwenye kusoma, wakikungoa jino na maumivu izidi wakati ingepunguka, usitie kitu mu tundu, usifiche kitu. Rudi kwa ule alikungoa. Ao unafikiri kila muntu atapata wa kumungojea mu njia?

Asubuhi yenye ilifuata ile siku ya chupa, nilienda na Mama kwa muganga. Alisema nifungue mudomo. Nikafungua, lakini mbele ya yeye kuangalia, nilisema na sauti yenye wagonjwa wa inje walisikia: "Nilinyonya na mulija."