Bunduki Aliyoinunua kwa Sababu ya Ua

Saa kumi na moja alfajiri, Lyle Hruska anavaa glavu ya chuma mkono wa kushoto, anavuta paja la ng'ombe mezani, na kisu kinapita kwenye maungio bila kugusa mfupa. Ana miaka ishirini na sita katika kazi ya bucha na vidole vyote kumi bado vipo. Kwa mkata nyama, hilo si jambo dogo.

"Nina wenzangu wawili hapa, ukiwaambia wahesabu mpaka kumi wanaishia nane," anasema na kucheka. Kisha kicheko kinakatika. "Jumamosi iliyopita nusura na mimi nijiunge nao."

Hruska, mwenye umri wa miaka 52, ni mkazi wa Hadley, mji mdogo jimboni Nebraska. Analipwa dola 19 kwa saa. Mtu wa kipato hicho akipenda bunduki za kale za jeshi la Japani, huwa anazitazama, anauliza bei, anarudi nyumbani.

Lakini yeye alikuwa na lake moyoni. Babu yake mzaa mama, Emil Sedlak, alipigana na Wajapani kwenye visiwa vya Pasifiki, akarudi mwaka 1945 mzima wa mwili na bubu wa habari. Alikufa bila kusimulia hata siku moja ya vita.

"Nilitaka nisikie mlio wa bunduki waliyompigia. Basi, huo tu," anasema Hruska. "Nilijua nikiusikia nitamwelewa babu, japo kidogo."

Bunduki ya aina hiyo iliyo nzima huanzia dola mia nne. Mwezi Machi, kwenye maonyesho ya bunduki katika mji wa jirani, aliikuta moja ya mia na themanini, imegandwa na grisi nyeusi. Akaifuta kwa kidole juu ya chemba ya risasi. Likatokea ua lililochongwa kwenye chuma.

Hapo ndipo akili ilipomruka. Wapenzi wa bunduki hizi wote wanaijua habari ya ua. Askari wa Japani walipokabidhi silaha, ua la mfalme wao lilisagwa kwa tupa ili lisiangukie mikononi mwa adui. Iliyobaki na ua lake inahesabiwa kuwa ilitwaliwa vitani, na watu huigombania.

Muuzaji akamwambia hairudishwi. Hruska akalipa upesi, kabla mwingine hajaliona ua. Rahisi inavunja upishi, lakini nani anakumbuka methali akiwa na furaha?

Risasi za dukani zilikuwa bei mbaya, kwa hiyo akaziunda mwenyewe. Aliokota maganda ya risasi za Kimarekani kwenye uwanja wa shabaha, akayakata shingo, akayafinyanga upya kwenye meza ya jikoni kwa wiki saba, mpaka akapata tano zinazomridhisha. Mtutu nao aliusugua kila jioni, akitafuta ile mistari iliyojipinda ndani, inayoizungusha risasi. Hakuiona. Akajiambia imelika kwa uzee.

Jumamosi saa tatu asubuhi akajitokeza uwanjani. Rafiki yake Russ Tichy alikuwa tayari na maneno.

"Piga basi, bwana! Mafahali hawakutishi, hako kachuma ndiko kanakutetemesha?"

"Ngoja kwanza," alisema Verna Pohl, fundi bunduki wa miaka 71 ambaye ndiye msimamizi wa uwanja. "Hilo ua lina petali ngapi?"

"Petali? Ni ua, Mama Verna. Ua zima, halijaguswa!"

"Nimekuuliza ngapi. Hesabu."

Akahesabu. Zilikuwa tano.

"La mfalme lina kumi na sita," alisema Verna. Akaufungua mtutu, akauelekeza kwenye jua, akachungulia. "Laini kama bomba la maji. Hii ni ya shule, mwanangu. Walipewa wanafunzi wafanyie gwaride na kupiga baruti tupu. Chuma chake ni cha kumimina tu. Weka risasi ya kweli humu, chemba inapasukia usoni mwako."

Hruska alipandwa na hasira. "Wiki saba, Mama Verna! Basi tuifunge kwenye tairi, kifyatulio tukivute kwa kamba tukiwa mbali."

"Ikipasuka utapata nini?"

"Nitausikia mlio."

"Utasikia chuma kikipasuka. Huo ndio mlio uliokuwa unautafuta?"

Russ hakuwa na mzaha tena. Hruska alisimama na bunduki yake mkononi, amekasirika, ameaibika, na bado anatamani kuvuta ile kamba. Mwishowe akaiweka mezani.

"Nilidhani nimeshika bunduki ya mtu aliyemlenga babu," anasema sasa, akinoa kisu. "Kumbe ilikuwa ya mtoto wa shule. Wa miaka kumi na mbili labda. Alikuwa anafundishwa kumsubiri babu yangu, na babu mwenyewe alikuwa na kumi na tisa. Jambo hilo linanikosesha raha kuliko hizo pesa."

Zile risasi tano amezifungua, akaimwaga baruti. Anakusudia kumtafuta mtu wa kumsaidia kujua ua lile ni la shule gani, na kama ingali ipo, awaandikie barua.

Kuhusu mlio, Verna anayo bunduki halisi ya aina ile, ameikagua mwenyewe, na Jumamosi hii atamwachia apige mara tatu. Hruska alipanga kwenda peke yake. Juzi mama yake, Blanche, mwenye umri wa miaka 77, ambaye hajawahi kuruhusu bunduki ivuke kizingiti cha nyumba yake, alisikia mpango huo, akampigia simu.

"Mwanangu, nipitie saa mbili, twende wote," alimwambia. "Kila Julai mafataki ya sikukuu ya uhuru yakianza, baba yangu alikuwa anaingia ghalani anajifungia. Mimi ndiye niliyetumwa kumwita aje kula. Nagonga, nagonga, haitiki. Mpaka leo nilikuwa najua amenikasirikia mimi."