Mstari wa Pili

Kila asubuhi, kabla hata ya kufungua dirisha la karakana, mama mdarizi aliwasha kwanza kompyuta ya marehemu mumewe. Ilikuwa kuukuu, ikinguruma kama mtu anayekoroma huku akishikilia kwamba hajalala. Ilipokwisha kuamka, kwenye kioo yalitokea maneno ambayo mume aliyaandika kwa mzaha, enzi zile mkewe alipokuwa akichelewa kazini kwa sababu ya vyombo na watoto: "Umefika, mke wangu?"

"Nimefika," alijibu, kisha akaketi kudarizi nembo za sare za shule.

Mwanawe, aliyekuwa akipokea oda za wateja, alihitaji mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, kwa kuwa ule wa zamani haukufungua tena hata barua pepe. Lakini programu ya kuchorea nembo ilikubali ule wa zamani tu. Na humo ndimo yalimokaa yale maneno.

"Mama, hatufuti kitu," mwana alimtuliza. "Mifumo yote miwili itakaa humo humo. Ukiwasha, unaulizwa unataka upi."

"Wake wenza nyumba moja," mama akasema. "Haya, tutaona."

Akaja fundi wa kompyuta, ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu. Akaigawa diski, akaweka mfumo mpya kutoka kwenye flashi yake, akazima, akawasha tena. Kioo kikang'aa, kikaingia moja kwa moja katika mfumo mpya. Hapakuwa na menyu ya kuchagua mfumo wala swali.

"Umeufuta," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Taratibu, mama."

"Taratibu ni wewe. Mimi nina haraka."

Fundi akaeleza kwamba mfumo mpya ulikuwa umejiandika peke yake kwenye menyu, kama mpangaji anayebandika jina lake mlangoni bila kuuliza kama mna mtu mwingine ndani. Ule wa zamani ulikuwapo, ila haukutajwa. Akaiagiza kompyuta iipekue diski nzima upya. Mama alisimama nyuma ya kiti, ameshika mkasi ambao hakuwa na kazi nao.

Ilipowashwa tena, menyu ikatokea: mistari miwili myeupe, wa kwanza mfumo mpya na wa pili ule wa zamani, na chini yake tarakimu zikipungua. Mama akapapasa kutafuta miwani. Alipoipata, hesabu ilikuwa imekwisha na mfumo mpya umejifungua.

"Mbona hainisubiri?"

"Inakupa sekunde kumi, mama. Usipochagua, inachagua yenyewe mstari wa juu."

"Basi mweke baba juu," mwana akasema. "Ufunguke wenyewe, mama asihangaike."

Mama akauweka mkasi mezani. Mumewe hakuwahi kuanzisha mashine ya kudarizi kabla yeye hajafika. Kila asubuhi mama alimkuta amekwisha kutunga uzi katika sindano zote, kiti amekigeuza kuelekea mlangoni, mikono ameilaza magotini, utadhani mgeni aliyeambiwa angoje.

"Baba yako mwache mstari wa pili," mama alisema. "Juu kaa wewe na wateja wako. Lakini hiyo hesabu, fundi, iondoe. Isubiri mpaka mtu aje."

"Isubiri hadi lini, mama?"

"Hadi nifike."

"Na ukienda sokoni?" mwana akatania.

"Ikae hivyo hivyo. Mwenyewe alizoea."

Taratibu akacheka, akaiondoa hesabu.

Kesho yake mama aliwasha kompyuta, menyu ikatokea, ikatulia. Hakuikimbilia. Alifungua dirisha, akafagia vipande vya uzi, akapangusa meza yote, na kila alipogeuka aliiona mistari ile miwili imemkodolea macho. Kisha akavaa miwani, akaketi, akabonyeza mshale wa chini mara moja, na kompyuta ikaanza kukoroma.

"Umefika, mke wangu?"

"Nimechelewa kidogo," akasema.