Maji Ndani ya Mashine ya Rosalind

Mimi watu wa "washa tu, liwalo na liwe" siwapendi, na Bryce Oakley ndiye mkubwa wao. Kila Jumamosi klabu yetu ya waunda kompyuta hapa Tucson hukutana maktaba, na kila Jumamosi Bryce ana picha mpya za kompyuta zake za kutukoga nazo: taa kila kona, maji ya zambarau ya kupozea yakizunguka kwenye mabomba ya kioo. Jumamosi moja ya Julai, Rosalind Teague alikuja hana hata hamu ya kahawa.

Rosalind hutengeneza kwa kompyuta filamu za majengo ambayo bado hayajajengwa. Kampuni moja ya wasanifu ilikuwa imempa kazi ya majaribio, filamu ya shule mpya, ifike Ijumaa saa sita mchana. Akifaulu, ana kazi ya kudumu hapo hapo nyumbani. Akishindwa, anarudi ofisi ya kupokea simu za wateja, na mama yake, Eunice, aliyepooza upande mmoja, anapelekwa nyumba ya wazee. Na mashine yake ilikuwa inapata moto na kujizima kabla kazi haijafika popote.

"Nunua seti ya kupozea kwa maji iliyofungwa kiwandani," nikamwambia. "Unakaza skrubu, basi. Huna haja ya kuunga chochote."

"Nadine naye! Hiyo si ya watoto?" Bryce akadakia.

"Wee, hukuulizwa."

"Ile inapoza prosesa tu," Rosalind akasema. "Kwangu kinachoungua ni kadi ya picha, ile inayochora filamu yenyewe."

Hapo alinifunga mdomo, maana ilikuwa kweli. Ilibidi aunge mabomba mwenyewe, maji yapite kwenye prosesa na kwenye kadi, yaende kupoa kwenye rejeta. Nilimsihi mambo mawili: atumie mipira laini badala ya vioo vya Bryce, na asiruke tishu. Kwetu tishu ni kama sheria. Ukishajaza maji unatandika tishu nyeupe chini ya kila kiungio, unawasha pampu peke yake, vingine vyote havina umeme, unaacha maji yazunguke siku nzima. Tishu ikilowa unakaza na kuanza upya. Tone moja likiangukia kadi yenye umeme, umekwisha.

Jumatano alimaliza kuunga. Alhamisi asubuhi akanipigia simu.

"Nadine, kuna doa."

"Kubwa?"

"Kama punje ya dengu. Nimekaza. Sasa niambie nifanye nini, maana filamu inataka saa zote zilizobaki, na siku nyingine ya tishu sina."

Nilitaka kumwambia asithubutu. Nikamkumbuka mama yake, nikashindwa. "Bryce anasemaje?"

"Washa tu."

"Mjinga yule," nikasema. "Haya, washa. Lakini usikate simu."

Akaketi sakafuni, macho kwenye tishu, mkono kwenye swichi. Simu aliiweka kwa sauti kubwa, nami nikawa napika huku nasikiliza pumzi zake. Joto lilishuka, likatulia. "Na ni kimya, shoga," akanong'ona. "Sijawahi kuisikia kimya hivi; mafeni yake ya zamani yalikuwa yakinguruma kutwa." Niliogopa mpaka nikaunguza maharage.

Ilipokaribia adhuhuri nikasikia sauti ya mama yake kutoka chumba cha pili. "Rosalind!"

"Nakuja, mama!"

"Rosalind! Rosalind!"

"Nenda," nikamwambia.

"Nikiiacha ikavuja je?"

"Basi zima kwanza!"

"Sehemu hii haijajihifadhi. Nikizima naanza moja, Nadine. Asubuhi nzima inapotea!"

Mama akaita tena, safari hii akilia. Mimi huku nimeshika mwiko, roho mkononi. Nikasikia swichi. Tak. Halafu nyayo zikikimbia, kisha sauti ya Rosalind kwa mbali: "Mama! Unashuka kitandani unakwenda wapi?"

"Kukutafuta." Maneno ya Eunice hutoka kwa taabu. "Tangu asubuhi sisikii mafeni yako. Nikajua umerudi ofisini. Umeniacha."

Nilimsikia Rosalind akilia, na mimi nikalia, jikoni kwangu, kama mtu aliyefiwa.

Baadaye nikasikia magurudumu ya kiti. "Mama, tazama tishu hizi. Ikilowa hata moja, unabonyeza hapa."

"Kwa mkono upi?"

"Huo mzima, mama. Mwingine wa nini?"

"Washa basi. Umepoteza muda."

Wakaanza moja, wakapokezana hadi kesho yake. Tishu hazikulowa tena. Filamu ilifika kabla ya saa sita, ikiwa haina ukumbi wa kulia chakula. Wasanifu walinung'unika, wakampa kazi, wakamwambia ukumbi aulete Jumatatu.

Bryce alipokuja kuikagua mashine aliizunguka akitafuta kosa. Alichokiona ni feni moja kuukuu, imefungwa ukutani upande wa chumba cha mama, inanguruma kwa fujo, mbali kabisa na mashine.

"Na hii inapoza nini?"

"Haipozi kitu," Rosalind akasema. "Nawasha nikiwepo, nazima nikitoka. Ni ya mama."