Moyo Aliousikia Wilbroad

Alois wa Sikonge alikuwa mrina asali, na sikio lake la kulia ndilo lililomlisha. Hupanda mti, akaliegemeza kwenye mzinga wa gome, na kabla hajawasha moshi ameshajua kama ndani mna nyuki au upepo mtupu. Watu walimheshimu kwa hilo, naye alijiheshimu zaidi.

Msimu ule alikaa sana kambini, huku nyuma mkewe Recheli akiwa na mimba. Siku aliyorudi alipita kwenye kibanda cha fundi baiskeli, akamkuta Wilbroad wa bodaboda amekaa na wenzake. Mmoja wao akamtania Wilbroad, "Baba Kijacho, mwenye mali karudi." Wakacheka, kisha wakatazama chini. Wilbroad akainuka, akamwamkia, "Shikamoo, kaka." Alois akapita bila kuitikia.

Nyumbani Recheli hakumficha kitu. Alieleza huku akipepeta mchele wake, wala ungo haukusimama. Kule zahanati, nesi Levina alimwambia kuna agizo: mjamzito aje na mwenza wake, wapimwe damu wote wawili. Asiye na mwenza alete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Akaenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akataka kujua mumewe aliondoka lini na mimba ina umri gani, akawa anahesabu kwa vidole mbele ya watu waliokuja na kesi ya mbuzi. Recheli akaondoka bila barua. Barabarani akamsimamisha Wilbroad, akamwomba awe mumewe kwa asubuhi moja tu, kama walivyokwisha fanya wanawake wengine.

"Akakubali?"

"Akakubali. Akatobolewa kidole, akaguna."

Alois alikionea wivu hata kile kidole. Akawa kila akisikia pikipiki anatoka uani kuangalia inaelekea wapi. Wilbroad naye, kwa kutaka amani, akaja mwenyewe kujieleza, na hapo ndipo alipoharibu. Alisema hakufanya lolote la ubaya, ila nesi alimpa kile kibomba cha kusikilizia, akamwambia, baba, weka sikio tumboni umsikie mwanao.

"Moyo unakwenda mbio, kaka, kama cherehani," akasema, akitabasamu.

Alois hakulala vizuri tangu siku hiyo. Binti yao Adelina alizaliwa yeye akiwa porini; huyu wa pili ameshasikilizwa na mtu wa pikipiki. Sikio lake lilisikiliza misitu yote ile, na moyo wa nyumbani kwake ukampita. Akamwambia mkewe kwamba wamemgawia mtu tumbo lake.

Recheli akaweka ungo chini. "Tumbo la nani? Serikali inataka nilete mwanaume. Mwenyekiti anataka hesabu. Wewe unataka maelezo. Mimi nilitaka kupimwa, Baba Adelina. Basi."

Kliniki iliyofuata Alois akavaa shati la kanisani, akampakia mkewe kwenye baiskeli. Nesi Levina akamwangalia juu hadi chini, akamuuliza yeye ni nani.

"Mume wake."

"Mume wake nilimpima mwezi uliopita."

Benchi zima la wajawazito likaangua kicheko. Wakati huohuo Wilbroad akaingia akimleta abiria, na mama mmoja akasema, "Huyo hapo, nesi. Mchague mmoja." Wilbroad akageuza pikipiki akaondoka bila kudai nauli.

Levina akaelewa. Akasema agizo hakulitunga yeye, yeye huulizwa tu kwa nini halikufuatwa. Kisha akamgeukia Recheli. "Mama Adelina, unataka uingie na nani?"

Recheli akafikiri. Ilionekana kama swali geni kwake.

"Leo naingia peke yangu."

Nesi akalitazama tangazo la agizo lile ukutani, akafungua mlango. Alois akabaki kwenye benchi na shati lake la kanisani. Aliinamisha kichwa kuelekea ule mlango, lakini mbao ile haikumwambia kitu.

Walirudi, Alois akisukuma baiskeli, Recheli akitembea mbele. Walipoziacha nyuma nyumba za kijiji, akasema kwa sauti ndogo, "Naomba nami nisikilize."

Recheli akasimama. Akatazama barabara pande zote, akaketi kwenye gogo. "Kwa kuwa umeomba. Na habari za Wilbroad ziishie hapa."

Alois akapiga magoti vumbini, akaweka sikio la kulia tumboni. Akasubiri kama anavyosubiri juu ya mti. Alichosikia ni njaa ya mkewe ikinguruma na damu yake mwenyewe ikigonga. Cherehani hakuisikia.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia," akasema Alois, akakung'uta magoti, akaikamata baiskeli. Nyuma yao pikipiki ilikuwa inakuja, na kwa mlio wake akaijua ni ya nani. Safari hii hakugeuka kuitazama, ingawa shingo ilimuuma kwa kutaka.