Sauti Chini ya Pete

Ukipanda kutoka Tegeta kwenda Madale, nyumba ya Mwalimu Eufrazia Komba utaijua kwa nguzo ya chuma iliyosimama uani. Wageni hudhani ni masalia ya antena. Juu ya nguzo hiyo kuna pete ya nondo ambayo mumewe, Mzee Gervas, aliikunja mwenyewe kwa nyundo hata kabla nyumba haijapigwa lipu. Fundi alipomuuliza kwa nini wasianze na milango, alijibu, "Milango itasubiri. Huyu mwenzangu asipotupa mpira jioni, kesho yake hatuongei."

Mwalimu Eufrazia alifundisha darasa la kwanza na la pili mpaka alipostaafu. Vijana wengi wa mtaa wetu walijifunza kuandika majina yao wakiwa wamesimama mbele ya meza yake. Ni mama mrefu, mpole, asiyependa kuinua sauti. Lakini mtajie mpira wa pete uone. Atasogeza kiti, ataweka kikombe chini, na chai itapoa.

Mchezo huo aliupenda akiwa Chuo cha Ualimu cha Mtakatifu Skolastika, chuo cha masista kilichokuwa kusini, kwenye milima ya kuelekea Mbinga. Wanachuo walikaa katika mabweni mawili, Bweni la Juu na Bweni la Chini, na kila Jumamosi mabweni hayo yalipambana kana kwamba kuna nchi inayogombaniwa. Mwalimu wao wa michezo, Sista Felicitas, aliwawekea desturi moja ambayo wahitimu wanaishika mpaka leo. Mchezaji hatolewi uwanjani na mtu. Hata akikosa, hata akichoka, wenzake hawaruhusiwi kumwambia neno. Ni yeye mwenyewe anayevua kizibao chake, kile chenye herufi za nafasi yake, na kumkabidhi amtakaye. Akishavua, huenda kwenye benchi kukata machungwa ya mapumziko.

Chuoni desturi hiyo ilihusu mechi ya siku ile tu. Kwa wahitimu, kadiri magoti yalivyochakaa, ikawa ya moja kwa moja. Kwao "kwenda kwenye machungwa" maana yake ni kustaafu mchezo, na aliyekwenda hajawahi kurudi.

Wale waliohamia Dar es Salaam hukutana kila Jumamosi ya kwanza ya Desemba katika uwanja wa shule ya parokia, Bunju. Wanatoka Kimara, Mbagala, Kigamboni, kila mmoja na sufuria yake na wajukuu wake. Wengine ni wakuu wa shule wastaafu, wengine wana maduka, mmoja ni katibu wa parokia. Wakishavaa vizibao, vyeo hivyo vyote huisha, wanabaki Juu na Chini.

Eufrazia ni mfungaji wa Bweni la Juu. Mlinzi wa Bweni la Chini, anayesimama mbele yake tangu chuoni, ni Hamida Mnali wa Mbagala.

Hamida alikuwa mmoja wa wasichana wachache wa Kiislamu pale chuoni. Masista walimpokea vizuri, naye akakipenda chuo kuliko baadhi ya waliobatizwa. Mpaka leo, wenzake wanapofanya ishara ya msalaba kabla ya mechi, yeye huinua viganja na kuomba dua yake, kisha wote husema amina kwa pamoja. Mume wake alipofariki, Eufrazia alihamia Mbagala na mfuko wa nguo, akapika na kuosha vyombo vya msiba mpaka Hamida mwenyewe alipomwambia, "Sasa nenda kwa mumeo, asije akasahau sura yako." Na Eufrazia alipolazwa kwa uzazi mgumu wa mwanawe wa mwisho, Hamida ndiye aliyekaa pembeni ya kitanda akiwagombeza wauguzi kwa niaba yake.

Siku hizi Hamida haruki tena. Mwili umekuwa mzito. Husimama chini ya pete akiwa ameiegemea nguzo kwa mgongo, jambo ambalo kanuni inalikataza, lakini hakuna mwamuzi aliyewahi kuthubutu kumpulizia filimbi. Badala ya kuruka, anaongea. Mpira ukifika tu mikononi mwa Eufrazia, mdomo wa Hamida hufunguka.

"Tupa basi, mama! Umekuja na miwani au umekuja na imani? Hapa nyumbani kwangu, huingii bila hodi!"

Matatizo ya macho yalianza kidogo kidogo. Eufrazia alianza kukosa pete ya nyumbani kwake. Mpira ulikuwa unagonga ukuta wa banda la kuku, na kuku wakachoka kuogopa. Daktari alimweleza kwamba sehemu ya katikati ya macho yake inachakaa, na kwamba dawa itapunguza mwendo wa ugonjwa lakini haitarudisha kilichokwishapotea. Watu waliokuwa pembeni aliwaona. Mpira unaomjia aliuona. Lakini alichokitazama moja kwa moja mbele yake kilitoweka. Akiinua uso kutazama pete, aliona anga tupu.

"Wasijue," alimwambia Mzee Gervas. "Wakijua watanionea huruma. Na siku watakayonionea huruma, nitavua mwenyewe niende kwenye machungwa."

"Kwani machungwa yana ubaya gani? Si utakaa kivulini?"

"Gervas, kule ndiko ninakoonana nao. Siwezi kuonana nao nikiwa na kisu."

Mzee Gervas hakuelewa vizuri, ila aliona mkewe amegeuka upande mwingine ili asitazamwe usoni, akaacha kuuliza.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Eufrazia hakumwambia hata yeye. Mwaka uliotangulia macho yalikuwa tayari mabaya, na bado kule Bunju alifunga vizuri tu, wakati nyumbani alikuwa anakosa. Alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu mpaka akapata jibu. Nyumbani nguzo iko kimya. Bunju kuna Hamida, mgongo wake umegusa nguzo, na mdomo wake haufungwi. Eufrazia alikuwa analenga sauti. Alikuwa anatupa mpira juu kidogo ya pale kelele zinapotokea, na pete ilikuwa hapo hapo. Aliona aibu kusema kwamba anasaidiwa na mpinzani wake bila mpinzani kujua. Lakini alijua kuwa kelele zile zikiwepo, bado yeye ni mchezaji.

Wiki ya mechi ilipofika, Mzee Gervas alishindwa kuvumilia. Kwa nia njema kabisa, alimpigia simu Hamida.

"Mwalimu, huyu mwenzako haoni vizuri. Pete haioni kabisa. Nakuomba tu, siku hiyo usimsumbue sana."

"Maskini dada yangu," alisema Hamida. "Usiwe na wasiwasi, shemeji. Nitamlinda."

Siku ya mechi Hamida alishuka kwenye bajaji akiwa na bakuli la korosho, akamwendea Eufrazia na kumshika mikono yote miwili.

"Habari za nyumbani, dada yangu?"

Eufrazia alimtazama kwa mashaka. Tangu wafahamiane, Hamida hajawahi kumwita dada. Humwita "we mrefu".

"Unaumwa?" alimuuliza.

"Mie? Mie mzima."

Walisali, Hamida akaomba dua yake, wakasema amina. Praygod, mwalimu kijana wa shule ile, akapuliza filimbi. Haikupita muda, Flaviana, nahodha wa Bweni la Juu, alipokea mpira pembeni ya duara la kufungia na kumpasia Eufrazia. Eufrazia aliudaka vizuri, akainua mikono, akasubiri.

Hakusikia kitu. Kunguru walilia juu ya paa la darasa. Kanuni haimruhusu mchezaji kukaa na mpira, hivyo ilimbidi autupe. Mpira ulipita mbali na pete na kugonga tangi la maji kwa kishindo.

Mara ya pili Hamida alifanya vibaya zaidi. Kwa adabu kubwa aliiacha nguzo, akasogea pembeni kumpisha, na kusema kwa sauti ya mtu aliyekuja kumwona mgonjwa, "Polepole, mwenzangu. Usiwe na haraka." Eufrazia alisikia sauti, akailenga, na mpira ukamwangukia Hamida begani.

Mara ya tatu ulipita nyuma ya nguzo. Mara ya nne Eufrazia hakuinua hata mikono vizuri.

Hakuna aliyesema neno, maana desturi ni desturi. Flaviana aliangalia viatu vyake. Wanawake waliokuwa kwenye benchi la machungwa, ambao kwa kawaida hupiga kelele kuliko wachezaji, walinyamaza na visu vyao mikononi. Ukimya huo ndio uliomuumiza Eufrazia. Aliutambua. Ni ukimya uleule waliompa kila aliyevua kabla yake, naye mwenyewe alikuwa amewapa wengine.

Filimbi ya mapumziko ilipolia, alibaki amesimama ndani ya duara. Aliingiza vidole kwenye kamba za ubavuni mwa kizibao na kufungua ya kwanza. Flaviana alianza kufuta macho kwa pindo la kanga. Eufrazia alishika kamba ya pili.

"Eufrazia, usivue," alisema Hamida.

Kila mtu aligeuka.

"Hamida!" Flaviana alishtuka. "Desturi!"

"Sista Felicitas alikataza kumwambia mtu avue. Hakukataza kumwambia asivue."

"Mbona unaniingilia?" Eufrazia aliuliza. "Acha niende. Si umeshaona mwenyewe?"

"Nimeona nini? Nilishajua tangu juzi. Gervas alinipigia."

Kwenye kivuli cha darasa, Mzee Gervas alianza ghafla kushughulika na mfuniko wa sufuria ya pilau.

"Ndiyo maana umenyamaza?" Eufrazia aliuliza polepole. "Leo nzima umenyamaza kwa sababu hiyo?"

"Nilidhani kelele zangu zitakusumbua. Nimejizuia mpaka koo linaniwasha. Nimekuonea huruma, mwenzangu, nifanyeje?"

"We mwanamke!" Watu walishangaa, maana Eufrazia aliinua sauti. "Kelele zako ndizo ninazolenga! Tangu mwaka jana sioni pete, nakusikia wewe! Unasimama pale umeegemea nguzo unabwata, mie natupa juu ya mdomo wako, mpira unaingia. Leo umekuja na adabu, umenizimia taa!"

Mabega mazito ya Hamida yalianza kutikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka, mpaka alipopata pumzi ya kusema.

"Kwa hiyo magoli yote ya mwaka jana, nilikuwa najifunga mwenyewe?"

"Yote."

"Na mie nikarudi Mbagala najisifu kwamba nimekuchanganya kwa maneno!"

Benchi la machungwa liliangua kicheko. Flaviana alicheka huku machozi yakiendelea kumtoka. Eufrazia hakucheka. Alimsogelea Hamida mpaka akawa karibu kabisa, mahali ambapo angeweza kuuona uso wake kwa pembe ya jicho.

"Sitaki huruma, Hamida. Ukinionea huruma tena, navua hapahapa. Cheza na mie kama zamani."

"Kama zamani?"

"Kama zamani."

"Haya. Funga kamba yako, we mrefu."

Kipindi cha pili kilianza, na Hamida akairudia nguzo yake kama mtu aliyerudi kwake baada ya safari. Eufrazia alipodaka mpira wa kwanza, kelele zilianza kabla hata hajainua mikono.

"Karibu! Leo umegonga tangi, umegonga bega langu, bado kumgonga padre tu! Tupa, mama, pilau inapoa!"

Mpira uliinuka, ukazunguka kidogo kwenye ukingo wa nondo, ukapita katikati. Uwanja mzima ulishangilia, hata baadhi ya Bweni la Chini, wakagundua walichofanya na kunyamaza. Ukafuata wa pili. Ukafuata wa tatu.

"Hamida, we uko timu gani?" Demetria, mwenzake wa Bweni la Chini, alimfokea kutoka katikati ya uwanja. "Si ufunge mdomo? Tunafungwa!"

"Timu yangu. Lakini mie bila kuongea nitasinzia."

Matokeo yalikuwa yamekaribia kulingana, na Praygod alikuwa ametazama saa yake, Flaviana alipompasia Eufrazia kwa mara nyingine. Hamida alianza kubwata kama kawaida. Halafu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mgongo wake uliachana na nguzo. Alinyata kama paka, hatua moja pembeni, hatua nyingine, huku mdomo ukiendelea bila kukatika.

"Nipo hapa hapa, mama! Nyumbani kwangu! Piga hodi!"

Eufrazia alitupa. Ulikuwa mpira mzuri, wa juu, uliotoka kwenye vidole bila kusitasita, na uliangukia majanini mbali na nguzo.

Praygod alikuwa na filimbi mdomoni lakini hakuipuliza. Flaviana alimkazia macho Hamida kwa hasira. Eufrazia alisimama akisikiliza mpira unavyodunda, mara moja, mara mbili, upande usio wake. Kisha akaelewa.

"Mwizi!" alipiga kelele. "Mwizi mkubwa! Umenihamishia pete!"

Alicheka mpaka akainama na kushika magoti.

"Si umesema kama zamani?" Hamida alijibu, naye akihema. "Mie ni mlinzi. Kazi yangu ni usifunge."

"Rudi kwenye nguzo, we Hamida."

"Sirudi. Nitafute."

Eufrazia alijinyoosha, akajifuta uso kwa mkono, akainua viganja vyote viwili juu ya kichwa chake.

"Flaviana," aliita, "nipe mpira."