Makovu Juu ya Kwato

Nianze na kidole gumba changu, maana hicho ndicho kilichojua mwanzo. Kilipita nyuma ya mguu wa mbele wa farasi, pale pembamba juu ya kwato, kikakuta kitu kigumu mfano wa punje ya mchele imelala chini ya nywele. Nikapapasa upande wa pili wa mguu uleule: kipo. Nikahamia mguu mwengine wa mbele: vipo viwili, pahala palepale. Mie nimefanya kazi ya kupiga picha za mifupa hospitalini miaka thalathini, na makovu ya watu nimeyashika mpaka basi. Mtu akianguka, kidonda hakichagui pa kukaa. Kovu linalolingana kulia na kushoto limekatwa na mtu mwenye kisu na akili zake timamu. Nilijua hapohapo. Nikainuka, nikapangusa mkono kwenye abaya, nikasema, "Mashaallah, mzuri."

Ndivyo nilivyosema, na mpaka leo nikikumbuka nnataka kujizaba kofi.

Farasi alikuwa jike, wa mbio, wa asili ya Kiingereza, na mnunuzi alikuwa mdogo wangu wa kiume. Sisi ni watu wa Unguja tuliorejea Oman wadogo, Kiswahili ndicho cha nyumbani, na wazee wetu wakimcheka ndugu yangu hadharani: Mwarabu mzima unaacha farasi wa Kiarabu, unamkimbilia wa Mwingereza! Yeye hajali. Alipostaafu kazi alijenga banda shambani kwake Sib, akatia feni na vipoza hewa kuliko vilivyomo chumbani kwake. Nyumbani kwake Khuwair ya Kusini ukutani mlikuwa na shajara mbili za nasaba: yetu sisi, na nyengine ya farasi ambao hajawahi kuwaona kwa macho. Ya farasi aliisoma kwa moyo, baba na babu na babu wa babu, bila kukwama. Ya kwetu akifika kwa bibi wa tatu anauliza, "Dada, huyu alikuwa nani vile?"

Muuzaji alikuwa mkwe wake. Binti mkubwa wa ndugu yangu alikuwa ameolewa na mtoto wa mtu huyo miezi mitatu tu nyuma, hina haijatoka vizuri kuchani. Daktari wa wanyama alikuwa amekwishaitwa aje shambani kwa mkwe, ampige farasi picha za miguu kabla ya kupeana mikono. Tuko njiani kwenye gari, ndugu yangu akampigia simu akamwambia asije.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Dada, mwanangu yumo ndani ya nyumba yake. Nimpelekee daktari aje kumchungulia farasi wake miguu? Si nitakuwa nimemwita mwongo mbele ya saisi wake?"

Na mie nikaona ana haki. Ndivyo tulivyo. Mtu ukishachanganya naye damu, humkagui, unakunywa kahawa yake. Tukanywa. Ikaja halua, ukaja na mkoba wa karatasi, na mkwe akaisoma nasaba ya yule farasi kwa sauti, kama inavyosomwa posa, na ndugu yangu akiitikia kila jina kwa kichwa, macho yamemlowa. Miguu haikutajwa. Mie nikatoka kwenda kumwangalia jike mwenyewe, nikainama, nikapapasa. Saisi, mtunza farasi wao, Mkenya mtu mzima, alikuwa amemshikilia hatamu. Nikamuuliza hizi nini. Akatazama chini. "Mama, huyu hachechemei kabisa," akasema. Lo! Kumbe kweli alisema kweli.

Nilinyamaza kwa ajili ya yule bibi harusi. Wallahi, hilo ndilo lililonijia: nikifungua mdomo, maneno yataanzia bandani yataishia jikoni kwake. Khalafu nikajipoza roho, hii si kazi yangu, mie mifupa yangu ni ya binadamu. Na zaidi ya hayo, huyu jike ananunuliwa azae. Hapandwi na mtu.

Akazaa. Ndugu yangu alimpeleka kwa dume aliyekuwa na babu mmoja na jike huyo, ili damu ile, alisema, ikutane na nduguye. Akaja mtoto jike, mwekundu kama udongo wa chungu, miguu mirefu, macho ya kuringa. Binti mdogo wa ndugu yangu ndiye aliyempokea. Alikuwa na miaka ishirini wakati ule, kaacha shoga zake wote kwa ajili ya banda. Huyu mtoto wa ndugu yangu nimemlea mie mikononi, mama yake alipokuwa akiumwa. Ananiita shangazi lakini akiumwa jino ananipigia simu mie kwanza.

Mtoto wa farasi alipoachishwa ziwa, yule binti akamtia mama mtu tandiko. Sikuulizwa. Nimefika Sib Ijumaa asubuhi na sahani ya mandazi, namkuta yuko juu, anaruka vigogo ambavyo baba yake kampangia mchangani. Nilisimama pale na sahani yangu, nayakumbuka yale makovu. Lakini nilikuwa nimeshanyamaza mwaka na zaidi, na kimya cha mwaka, ukitaka kukivunja, lazima uanze kwa kujieleza wewe mwenyewe. Nikaona haya. Haya tu, hakuna kitu chengine. Basi nikawa najitia kuwa na kazi: kila Ijumaa naenda, namfunga kamba ya kofia ngumu chini ya kidevu kwa mkono wangu, nampimia kidole kimoja kipite, namsomea dua, namwambia twende. Nilidhani kamba itaniombea.

Mara tatu nilimsikia akisema, "Shangazi, leo jike kapiga magoti tena!" Anacheka, mchanga umejaa mikononi. Farasi anakanyaga pahala sawa kabisa, ghafla mguu wa mbele unajikunja, yeye anarushwa shingoni. Baba yake anasema farasi anafanya uvivu. Mie namkung'uta mchanga begani. Jamani, mtu anaweza kuwa mjinga kwa muda mrefu kiasi gani?

Mtoto wa farasi alipofika miaka miwili akaanza kuchopea, anachechemea. Kidogo tu kwanza, asubuhi, akitoka bandani. Khalafu hata kwenye mchanga laini. Binti akanipigia simu analia. Daktari wa wanyama akaitwa, yuleyule aliyeambiwa asije, Msudani mpole, mtu wa maneno machache. Alikuja na mashine yake ndogo ya picha, na kwa kuwa anajua nilikuwa nikifanya nini hospitalini, alinipa mie skrini nitazame pamoja naye.

Nilishituka mpaka nikashika ukuta. Ndani ya kwato mna kijifupa kimoja kidogo nyuma kabisa, kinachobeba uzito kila farasi akikanyaga. Cha huyu kilikuwa kimetoboka toboka, pembezoni kimeliwa. Nimeona mifupa kama ile kwa vizee vya miaka themanini. Kwa kitoto cha miaka miwili sijapata kuiona. Nikasema, "Yarabi, huyu mbona mzee?"

Daktari akamgeukia ndugu yangu. "Mama yake vipi, anachechemea?"

"Hata siku moja!" Ndugu yangu alijibu kwa kiburi, kifua mbele. "Toka aingie hapa hajachechemea hata siku moja. Muulize binti yangu, anaruka naye. Na wiki ijayo nampeleka tena kwa dume."

Daktari akatoka, akaenda kwenye chumba cha pili cha banda, sote nyuma yake. Jike alikuwa anakula majani makavu. Daktari akapiga goti moja, akapitisha kidole gumba nyuma ya mguu, pale pembamba juu ya kwato. Kidole kikasimama. Nilikiona kiliposimama.

Akaomba mashine ya kunyolea. Akanyoa vipande vinne, kila kimoja upana wa sarafu, na makovu yakatoka nje, meupe, yamenyooka. Akachomoa kalamu mfukoni, akakandamiza ncha yake kwenye nyama laini ya kisigino cha farasi. Akakandamiza kwa nguvu mpaka mkono ukamtetemeka. Jike akaendelea kutafuna. Akajaribu na mguu wa pili: anatafuna. Alitafuna na kutazama mlangoni kama mtu anayengojea chai.

Halafu akaenda kwa mtoto, akamgusa pahala palepale kwa kalamu ileile, kumgusa tu, na mtoto akanyakua mguu na mwili wote ukatetemeka.

"Jike kakatwa mishipa ya fahamu," daktari akasema kwa Kiarabu, polepole. "Kutoka hapa kushuka chini hasikii kitu. Maradhi hayakuondoka, yamo mumo kwenye mfupa, ila hayamuumi, kwa hivyo hachechemei. Siwezi kuapa kuwa yote kamrithisha, lakini tazameni kwato zao, nyembamba sawasawa, na dume mliyemchagua katoka ukoo huohuo." Kisha akamtazama binti. "Na farasi kama huyu hapandwi. Hajui anakanyaga wapi. Siku mfupa ukivunjika, utavunjika anaruka, na wewe uko juu."

Binti akakaa chini palepale kwenye majani, kofia mapajani, kwa sababu alikuwa amekwishajitayarisha kupanda. Alikuwa mweupe kama karatasi. Ndugu yangu akawa anazunguka, "Haiwezekani, haiwezekani, huyu nasaba yake nnaijua!" Anataja majina ya mababu wa farasi moja baada ya moja, kama kwamba mmoja wao atatoka akanushe. Nilimwonea huruma nikamwonea na hasira.

Akachukua simu, akampigia mkwe. Akaiweka kwenye sauti ya juu ili sote tusikie. Akasalimia salamu zote, uzima, watoto, mjukuu, maana kuna mjukuu sasa. Khalafu akauliza.

Nilitegemea mkwe atakana. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo, nilikuwa hata na maneno yangu ya ukali tayari. Mkwe hakukana. Sauti yake ilitoka kwenye simu shwari kabisa, ya mtu aliyeulizwa saa.

"Ndiyo, alikatwa huko alikonunuliwa, kabla yangu mie. Lakini mkwe, wewe kwani hukuwa unajua? Mie nilidhani mmeridhia. Dada yako si alimshika miguu? Mie nipo barazani na kikombe changu namtazama. Kashika huu, kashika huu, kote kote. Nikasema, huyu ni mtu wa mifupa, kashaona. Akainuka akasema mashaallah. Basi mie nikatulia. Ningekuwa na la kuficha ningemwacha amshike?"

Subhanallah! Mtu huyo aliniona. Miaka yote hii nilidhani siri ile ni ya kidole changu na mie tu, kumbe ilikuwa na shahidi, na shahidi akaifanya hoja yake. Nilitaka kupiga kelele kuwa yeye ndiye mwenye farasi, yeye ndiye aliyesoma nasaba akaacha miguu. Yote hayo ni kweli. 

Ndugu yangu akakata simu bila kuaga, jambo ambalo hajapata kulifanya maishani. Akanitazama. Ana miaka sitini na miwili, na alinitazama kama nilipomwacha peke yake siku ya kwanza ya skuli.

"Dada, anasema uongo, sio? Sema anasema uongo."

"Hasemi uongo," nikasema. "Niliyashika. Nilijua ni kisu. Niliogopa kwa ajili ya mwanao mkubwa, khalafu nikaona haya, basi."

Daktari akajitia kufunga mashine yake. Nikasikia feni za banda, na jike anatafuna.

Binti akainuka. Sikujua atafanya nini. Nilitamani anipigie makelele, nimezowea makelele, familia yetu tukigombana inasikika mpaka Darsait. Hakuyapiga. Alipita mbele yangu, akaenda kwa jike, akainama, akapapasa makovu kwa kidole chake, moja moja, yote manne, polepole, kama anajifunza. Khalafu akarudi akasimama karibu yangu kabisa, kofia mkononi, kamba zinaning'inia. Nikanyoosha mkono nimshike shavu, kama ninavyofanya siku zote.

Akarudi nyuma hatua moja.

"Kila Ijumaa, shangazi," akasema. "Kila Ijumaa ulikuwa ukinifunga kofia."

Akaitundika kofia kwenye msumari wake, akaenda kukaa na mtoto wa farasi. Jike hakupelekwa tena kwa dume wala kutiwa tandiko, na ukutani kwa ndugu yangu imebaki shajara moja, yetu sisi. Mie Ijumaa bado nakwenda Sib na sahani yangu ya mandazi. Binti anaipokea, ananiambia ahsante, na anaiweka juu ya pipa bila kuifunua.